Melekuni Haijamwagwa

Florina, 20 Januari 1979

Mama Mkubwa Sevasti, shikamoo.

Natumai goti lako limeisamehe baridi ya mwaka huu, na kwamba mbuzi wako hawajaruka tena ukuta wa jirani. Nisalimie padri, na umwambie darasa langu sasa linaimba zaburi bila kukimbilia mwisho.

Mimi sijambo. Theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha. Asubuhi kalamu inakataa kuandika mpaka niiweke kwapani kwa muda, kama mtu anayepima homa. Jiko la kuni la darasani lina tabia zake: ukilijaza linatoa moshi, ukiliacha linazimika, kwa hiyo nafundisha hesabu nikiwa nimeligeuzia mgongo na kulitegea sikio moja. Watoto wamelizoea jina langu. Mkaguzi hajalizoea. Huku kaskazini hakuna Tsambika hata mmoja, na aliniuliza mbele ya darasa, "Mwalimu, hilo ni jina la mtu au la mbuzi?" Nikamwambia ni la Bikira Maria wa kwetu Rodo, akavua kofia.

Sasa jambo lenyewe. Mama atakuwa amekwambia. Harusi ni Jumapili ya Tomaso, wiki moja baada ya Pasaka. Ikipita hiyo tunaingia Mei, na kwetu husemwa Mei huoana punda. Kisha ni kazi za mizabibu, kisha ni mwaka wenye siku ya ziada, na mama yake Stergos, Bi Marigo, hataki kusikia harusi ya mwaka kama huo.

Nakuomba wewe uimwage melekuni yangu, kashata ya kualikia harusi. Najua kwetu dada mkubwa wa mama ndiye huimwaga, lakini kuomba ni adabu. Mama aliuliza kama nataka kadi za kuchapisha mjini. Nimekataa. Mtu wa Embona akipewa kadi huigeuza nyuma na mbele, kisha huuliza, "Na kashata yake iko wapi?" Mpaka kipande cha ufuta na asali kiingie mlangoni kwake, hajaalikwa.

Ufuta uukaange polepole, uishie kwenye rangi ya mchanga, usifike kahawia. Maganda ya chungwa yawe ya miti ya bondeni. Mdalasini wa kutosha, karafuu kidogo. Na tafadhali kata kwa mshazari vipande vidogo kuliko vya harusi ya Fotini, vile vilivyomvunja padri jino.

Asali ataleta Stergos.

Binti yako,
Tsambika


Embona, 8 Februari 1979

Tsambika mwanangu, marahaba.

Goti limesamehe, mbuzi hawajatubu. Baba yako mzima, mama yako mzima, kila mmoja upande wake wa nyumba. Juzi paka alizaa katikati, sasa wanapata la kuzungumza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, kwa sababu jirani yangu alitaka kusikia habari za mkaguzi. Amecheka mpaka akashika ubavu.

Asali imefika. Mchumba wako aliileta mwenyewe, madebe mawili, mabegani, kutoka kwenye mizinga yake kule juu mlimani. Nikamwambia, "Kaa mwanangu, unywe kahawa." Akasema nguo zake zina moshi. Akabaki kizingitini. Akaniuliza kama Florina kuna baridi. Nikamwambia kuna theluji ya kufunika madirisha. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Ni mtu wa maneno machache, au labda kwangu tu.

Asali ni nzuri, nyeusi, inanukia mlima. Ufuta nimeununua, nimeuosha, umetandazwa juu ya shuka kwenye chumba cha nyuma. Unakauka. Hakuna haraka.

Mwanangu, nikuulize. Wewe hali yako ikoje? Si ya jiko. Yako.

Nakubusu macho,
Mama yako mkubwa Sevasti


Florina, 27 Februari 1979

Mama Mkubwa mpendwa, shikamoo.

Nimefurahi kusikia habari za paka. Mwambie mama asiwagawe watoto wake kabla sijafika.

Umeuliza hali yangu. Nilikuwa na mafua, yamekwisha. Mwenye nyumba wangu alinisugua mgongo kwa pombe kali iliyochanganywa na pilipili, nikalia kama mtoto, na kesho yake nikaamka mzima. Mbwa mwitu wameshuka mpaka kwenye zizi la mwisho la mtaa. Watoto wawili hawaji shule mpaka theluji ipungue. Nawapelekea kazi zao Jumamosi nikiwa nimevaa viatu vya mwenye nyumba, ambavyo ni vikubwa hata kwa mwenye nyumba.

Umeshaimwaga? Mama hakusema lolote katika barua yake ya mwisho. Nafikiria sana ule ufuta juu ya shuka. Naomba usisahau nyumba za juu, zile za nyuma ya kanisa dogo. Kwenye harusi ya Fotini walisahauliwa, na mpaka leo wakimwona wanavuka barabara. Na shangazi zake Stergos wa kijiji cha pili, wapelekewe kabla ya wengine. Wao huhesabu nani alitangulia.

Stergos alipoleta asali, alikuwa amevaa skafu ya kijivu? Nauliza tu.

Binti yako,
Tsambika


Embona, 20 Machi 1979

Tsambika mwanangu,

Kwaresima imetukuta wazima. Tunakula maharage, na maharage yanatula sisi. Baba yako amepata mwenzake mpya wa karata, kwa hiyo hatumwoni. Mama yako anafuma shuka zako za harusi mpaka macho yanamtoka maji. Nimemwambia apumzike. Hasikii.

Skafu alivaa.

Melekuni bado. Upepo wa kusini umeanza, na wewe ni mtoto wa hapa, unajua: ukimwaga asali upepo huo ukivuma, kashata inatoka jasho, inanata kwenye karatasi, mtu anakula nusu pipi nusu karatasi. Nasubiri ugeuke. Halafu maganda ya chungwa hayajakauka vizuri. Halafu kiwiko changu kinauma, na melekuni ni kiwiko. Ile asali ikichemka mpaka tone lake likigusa maji baridi linakuwa kidonge, ukishatia ufuta huna nafasi ya kukohoa. Lazima uimwage juu ya marumaru na uisukume kabla haijawa jiwe.

Juzi nilikuwa kwenye tanuri la mkate, Bi Marigo akaja na tepsi yake. Wanawake wote wapo. Akasema bila kuniangalia, "Sevasti, ule ufuta wako unasubiri mvua uote?"

Nikamwambia, "Ukiota, Marigo, nitakupa bua la kwanza uchokolee meno."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mwanangu ameshuka mlima na madebe mawili ya asali mabegani. Kwenye nyumba yenye nia, asali haikai kwenye debe."

Nikabeba mkate wangu. Ana haki ya kusema.

Lakini fikiria nawe. Melekuni si mkate. Ikishaingia mlango wa mtu, amekula, hairudi. Hakuna mtu hapa aliyewahi kupita nyumba kwa nyumba kusema, "Nipeni ile kashata, tumebadili mawazo." Ya mama yako niliimwaga mimi, kwa kuwa mama yetu hakuwa na dada, kwa siku moja, upepo wa kusini ukivuma, kwa sababu babu yako alisimama juu ya kichwa changu. Basi, hayo yamepita.

Jifunike vizuri. Ukiwa na neno, liandike. Mimi ni mtu mzima, nimesikia mengi.

Mama yako mkubwa


Florina, 2 Aprili 1979

Mama Mkubwa, shikamoo.

Theluji inayeyuka na mtaa umekuwa mto wa tope. Wanafunzi wangu wawili wamerudi. Wote hapa wazima.

Nimepata barua ya mama. Nimepata pia ya Stergos. Ya mama ni ya machozi, kurasa nne. Ya Stergos nainakili yote, haitachukua nafasi:

"Tsambika. Watu wanasema. Mimi sisemi. Kama ni neno lako, niambie mwenyewe, nitalipokea. Mizinga imetoka salama kwenye baridi. Stergos."

Mama anasema Bi Marigo ametoa muda. Jumapili ya Matawi ikifika bila melekuni kuwa milangoni, Jumatatu yake atairudisha pete, kwa sababu katika Juma Kuu hakuna atakayewasha moto kwa ajili ya asali, na baada ya Pasaka kuna wiki moja tu. Anasema hatakubali mwanawe asimame kanisani akiwa na wageni wa kuokotwa.

Stergos nimemjibu kwamba si neno langu. Lakini jibu langu litafika kwake tu. Halitafika kwa mama yake, wala kwa watu wa tanuri la mkate. Kwa kijiji kuna jibu moja, nalo limelala juu ya shuka kwenye chumba chako cha nyuma.

Mama anasema upepo wa kusini ulikatika tangu katikati ya Machi. Anasema kiwiko kinachouma kimechimba bustani nzima ya vitunguu. Mama Mkubwa, sijawahi kukuuliza jambo kwa namna hii. Unafanya nini? Una kitu gani na Stergos?

Tsambika


Embona, 7 Aprili 1979

Tsambika mwanangu,

Salamu za nyumbani nitakuletea siku nyingine. Barua hii anaondoka nayo dereva wa basi alfajiri, itapanda ndege mjini, nami nimelipia ndege.

Kiwiko ni kizima. Upepo ulikatika siku ile mama yako aliyosema. Maganda yamekauka mpaka yanalia kama karatasi.

Sina kitu na Stergos. Nina kitu na barua zako.

Nimezitandaza mezani. Jiko lako nalijua. Naijua tabia yake ya moshi. Namjua mwenye nyumba wako na ukubwa wa miguu yake, namjua mkaguzi, nawajua mbwa mwitu. Mwanamume utakayelala naye kitanda kimoja mpaka mmoja afe sikumwona popote. Ulisema ataleta asali. Punda pia huleta asali. Kisha ukamuulizia skafu. Yeye hukumuulizia.

Mama yako alikuwa hivyo. Wiki ile ya melekuni yake alizungumza habari za mapazia. Mapazia, mapazia, kutwa. Mimi nilikuwa nakoroga, nasikia, na mkono wangu haukusimama. Wewe umeishi katika nyumba ile. Sina haja ya kukueleza mapazia yalifunika nini.

Nikajiambia, huyu ndiye wa kwanza kwetu kumaliza chuo. Anasoma vitabu ambavyo hata majina yake siwezi kuyatamka. Wamempa mtu wa mizinga anayeongea siku za sikukuu tu, kwa sababu wazee wawili walipeana mikono mkahawani, na yeye kwa heshima amenyamaza. Nikasema, safari hii mkono wangu utasimama. Nitamchelewesha mpaka aseme.

Nilifanya hila, najua. Mama yako haniamkii. Marigo akiniona anatema mate pembeni. Sijali, lakini siku zimeniishia kama zilivyokuishia wewe.

Kwa hiyo sema. Kama humtaki, nitawaambia watu nimeiunguza asali yote na siwezi kuipata nyingine, nimezeeka, nimeharibu harusi ya mtoto wa dada yangu. Watanisema mimi. Wewe utarudi Pasaka ukiwa mwanamke aliyekosewa, na hakuna atakayekugusa kwa neno. Kama unamtaka, sema. Usiniandikie habari za chungwa. Jumamosi ya Lazaro, saa sita mchana, ndiyo siku ya mwisho ninayoweza kuwasha moto na kuwahi milango. Barua yako haitafika. Tumia njia nyingine.

Mama yako mkubwa Sevasti


TELEGRAMU
Florina, 13 Aprili 1979

SEVASTI EMBONA RODO
NAMTAKA STERGOS. HAKUNA ALIYENILAZIMISHA. MWAGA.
TSAMBIKA


Florina, 13 Aprili 1979, jioni

Mama Mkubwa mpendwa, shikamoo.

Karani wa posta aliihesabu telegramu yangu neno kwa neno kwa ncha ya kalamu, kisha akaniangalia juu ya miwani. Akasema, "Mwalimu, kuna njia za kusema hili kwa maneno mengi zaidi." Nikamwambia kama zipo, mimi sizijui. Nimetembea mpaka nyumbani nikiwa na uso wa moto katika mvua ya barafu.

Mwanzoni nilikukasirikia. Nilikuwa na sentensi zangu tayari. Kisha nikazikumbuka barua zangu, nikajaribu kuzisoma kwa macho yako, nikaona kwamba ningekuwa wewe ningeuficha ufuta chini ya kitanda.

Sasa nitakwambia, maana nikiliacha leo sitalisema tena. Wazee walipeana mikono mkahawani, ni kweli. Lakini kabla ya hapo, kiangazi kile nilipomaliza chuo, nilipanda mlimani kununua asali ya baba. Stergos alikuwa amefungua mzinga na nyuki walikuwa wakali. Akaniashiria nikae kwenye jiwe na nisiseme. Nikakaa. Alifanya kazi yake taratibu, nami nikamtazama, na muda mrefu ukapita. Alipomaliza akaja akakaa kwenye jiwe la pili. Hakusema kitu. Mama Mkubwa, tangu nilipokuwa mtoto, kila mtu anayenipenda huniuliza, "Una nini? Mbona umenyamaza? Nani amekuudhi?" Yeye hakuuliza. Alikaa na kimya changu kama mtu anayekaa kivulini. Niliposhuka nilikuwa nimesahau asali, na baba alidhani nimepoteza pesa.

Ndiyo maana simwandiki. Nikianza jina lake mkono unasimama. Habari za jiko zinatoka zenyewe kwa sababu jiko si langu. Sikujua kwamba kwa mtu mwingine kimya hicho kinaweza kuonekana kama mlango uliofungwa.

Kuhusu mama, nilijua. Mapazia yale ninayakumbuka. Alikuwa akiyafua kila baba alipokaa nje mpaka asubuhi.

Naondoka hapa Jumatatu. Meli itafika Alhamisi Kuu. Sijui kama telegramu imekuwahi. Usiku huu nasali, lakini hata sala inanitoka kama orodha ya viungo.

Binti yako,
Tsambika


Embona, 18 Aprili 1979
Kwa mkono wa dereva wa basi, akukabidhi bandarini

Tsambika mwanangu, karibu nyumbani.

Kama umeniandikia maelezo, hayajafika. Si lazima tena. Soma haya ndani ya basi, uje ukijua unapoingia.

Ijumaa mchana nilikuwa nje ya mkahawa wa Yakumis na kapu langu, kwa sababu telegramu za Embona huja kwa simu yake. Ndani wamejaa, mvua imewarudisha wote kutoka mashambani. Baba yako na karata zake. Baba mkwe wako na kiko chake. Simu ikalia. Sasa unamjua Yakumis, sikio moja limekufa tangu jeshini, na akiandika lazima arudie kila neno kwa sauti ya kuita kondoo.

"Sevasti, ndiyo, yupo, yuko mlangoni. Nam... nini? Namtaka? Dada, nipe herufi! Namtaka... Stergos! Namtaka Stergos. Endelea!"

Karata zikasimama hewani. Hata mchemko wa kahawa nadhani ulisubiri.

"Hakuna a-li-ye-ni-la-zi-mi-sha. Ndiyo. Endelea. Mwaga. Mwaga nini? Haisemi? Mwaga tu?"

Mtu mmoja wa mezani akapiga kelele, "Mwaga suma, Yakumis, glasi kwa kila mtu, baba wa bwana harusi analipa!" Mkahawa ukalipuka. Mzee akalipa. Baba yako hakucheka. Alisimama, akaja mlangoni, akaniuliza polepole, "Ndivyo alivyosema? Kwamba hakuna aliyemlazimisha?" Nikamwambia ndivyo. Akatoka kwenye mvua bila kofia.

Sikungoja saa sita ya Jumamosi. Niliwasha moto jioni ileile. Mama yako alikuja bila kuitwa, akakoroga, mimi nikamwaga, tukasukuma pamoja, mti mmoja wa kusukumia, mikono minne. Hatukuzungumza habari za mapazia. Tulikata kwa mshazari, vipande vidogo kama ulivyotaka.

Mlango wa kwanza nilikwenda kwa Marigo, mwenyewe, kwa goti hili. Nikamwambia, "Wewe si wa kualikwa, ni mwenyeji. Nimekuja kuomba radhi. Nilidhani duniani kuna kimya cha aina moja tu, kile ninachokijua." Akafuta mikono kwenye aproni. Akasema, "Huyo mwanangu alikaa miaka saba bila kunieleza kwamba jino linamuuma. Watafaana." Kisha akauma kashata, akatafuna, akatafuta kasoro. Akasema karafuu imepungua. Nikamwambia bibi harusi ndiye aliyeagiza. Akachukua kipande cha pili.

Nyumba za nyuma ya kanisa dogo zimepelekewa. Shangazi zake Stergos walipata kabla ya wengine. Embona yote imekula.

Sasa jambo moja ujiandae nalo, maana nakujua. Karatasi aliyoandika Yakumis nilimwomba anipe, akakataa. Baba mkwe wako aliomba, akakataa. Ameibandika ukutani, juu ya rafu ya glasi, kwa herufi zake zile kubwa zilizopinda, na kila mtu katika kijiji, hata watoto, anaijua kwa moyo. Stergos hushuka kutoka kwenye mizinga jioni, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga mkahawani. Huagiza kahawa. Hukaa meza ile inayotazamana na ukuta huo, hasemi na mtu. Yakumis anasema kahawa inapoa kila siku, na kila siku anailipa, na hajainywa hata mara moja.